Maswali ya Wasomaji: Sharti Moja Lavuruga Baitikodi Nzima

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu. Natunza programu ya Java inayokokotoa malipo ya wanunuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Kila mfanyabiashara ana kanuni yake ya bei, naye huibadilisha apendavyo, hivyo nimeifanya programu igeuze kila kanuni kuwa fanksheni ya baitikodi, yaani maagizo ambayo mashine pepe ya Java huyatekeleza. Baiti nazipanga mwenyewe, mojamoja. Kanuni isiyo na sharti haina tatizo. Lakini nikitia sharti, kisha nikaongeza jambo dogo tu, mashine hiyo huikataa klasi nzima kwa kosa la VerifyError, yaani imeshindwa ukaguzi. Je, bilda, yaani maktaba inayokupangia baiti, itanisaidia, au nitakuwa nimejiongezea mzigo?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Itakusaidia, ndugu msomaji, tena hasa hapo penye sharti. Tuchukue kanuni isemayo kwamba mzigo unaozidi kilo 500 utozwe bei ya jumla, na usiozidi utozwe bei ya kawaida. Baiti ya 0 inaweka kilo kwenye rundo, yaani mahali mashine inapoweka namba za kukokotolewa, ya 1 hadi ya 3 zinaweka 500, na kwenye baiti ya 4 linaanza agizo la kulinganisha, if_icmple, ambalo huruka iwapo kilo hazizidi kiwango hicho. Tawi la bei ya jumla linachukua baiti 4, kuanzia ya 7 hadi ya 10, na tawi la bei ya kawaida linaanzia kwenye baiti ya 11. Kwa kuwa umbali wa mruko huhesabiwa tangu mwanzo wa agizo lenyewe, unaandika 7.

Sasa mfanyabiashara anataka ushuru upunguzwe katika bei ya jumla. Unaongeza iload_3 (kuweka ushuru kwenye rundo) na isub (kutoa) baada ya kuzidisha, yaani baiti 2 tu, na tawi la pili linasogea hadi baiti ya 13. Ile 7 uliyoiandika bado inapeleka kwenye baiti ya 11, ambako sasa imekaa isub, katikati ya tawi lisilohusika na wakati rundo ni tupu. Mkaguzi wa mashine, yaani sehemu yake inayokagua klasi kabla haijatumika, anafanya vyema kuikataa klasi hiyo, maana angeipitisha, hesabu za wateja wako zingeweza kuharibika kimyakimya.

Bilda haikutaki uandike umbali. Unaiomba lebo, yaani alama ya mahali, unaagiza mruko uende kwenye lebo hiyo ijapokuwa mahali pake hapajulikani bado, unaendelea kuandika tawi la kwanza, kisha unaibandika lebo pale tawi la pili linapoanza. Bilda huacha nafasi kwenye agizo la mruko na kurudi kuijaza umbali unapojulikana. Ukiongeza maagizo kumi hapo kati, hakuna namba utakayoigusa. Majina mazuri ya maagizo, ambayo ndiyo husifiwa zaidi, kwangu ni pambo tu.

Kazi yake ya pili ni kuhesabu kina cha rundo na kuandaa ramani za rundo (maelezo ya aina za vitu vilivyomo kwenye rundo), ambazo klasi za toleo la 51, yaani la Java 7, na kuendelea hazina budi kuwa nazo pale miruko inapotua. Maktaba ya ASM, ambayo ni bilda mojawapo, hufanya hivyo ukiiwashia chaguo la COMPUTE_FRAMES. Hata hivyo ni lazima uite fanksheni yake ya visitMaxs mwishoni, ingawa namba utakazoipa hazitatumika, jambo linalowashangaza wengi. Ukiwa na Java 24 au zaidi, iliyotoka mwaka 2025, huhitaji maktaba ya nje, kwani bilda ya java.lang.classfile imo ndani yake. Ila bilda haitakusaidia iwapo matawi mawili yanayokutana mahali pamoja yanaacha idadi tofauti ya vitu kwenye rundo. Hilo ni kosa la kanuni uliyoiandika wewe, na mkaguzi atalikataa vilevile.

Angalia pia kwamba baitikodi ya fanksheni moja haipaswi kufikia baiti 65,536, kwa hiyo jedwali refu la bei ligawe katika fanksheni kadhaa. Na kwa kuwa kanuni zako hubadilika mara kwa mara, pakia klasi hizo kwa defineHiddenClass, iliyopo tangu Java 15, ili kanuni ya zamani isipotumika tena mashine iweze kuiondoa kwenye kumbukumbu. Wale wenye mizigo michache kwa siku, kanuni waiache isomwe kama kawaida bila kugeuzwa baitikodi, hawatauona utofauti wa kasi.