Nairobi hadi New York: hesabu saa, kilomita ziache

Mwaka haupiti bila ndugu au rafiki kujiandaa kuja huku New York, na swali la kwanza ni lilelile: ni mbali kiasi gani? Kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Jomo Kenyatta hadi JFK ni kama kilomita 11,800. Nikijibu hivyo hawaridhiki, na wana haki. Wanachotaka kujua ni watakaa kitini muda gani.

Hesabu yangu ya haraka ni hii: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Unapata saa 14 na nusu hivi. Haiko mbali na ukweli, kwani kuja huku huchukua kama saa 15 na kurudi kama 14. Juu ya Atlantiki kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ukija mnapambana nao, ukirudi unawasukuma.

Kenya Airways ilianzisha safari hiyo Oktoba 2018. Kabla ya hapo ilikuwa lazima uunganishe ndege, na wengi bado wanaunganisha kwa sababu ya bei. Kupitia Amsterdam jumla ni kama kilomita 12,500, hujapotea njia sana. Kupitia Dubai unaanza kwa kuipa Marekani mgongo, halafu ndiyo unageuka, na jumla inakaribia 14,500. Hata hivyo, hizo za ziada ni saa tatu tu za hewani. Kinachomaliza mtu ni kusubiri katikati, kwa hiyo kabla ya kufurahia bei, tazama ndege ya pili inaondoka saa ngapi. Mapumziko ya saa moja ni ya kukimbia na begi mkononi. Ya saa kumi na mbili utayalala kwenye viti vya chuma. Mimi napenda saa tatu. Na zote mbili ziwe kwenye tiketi moja, maana ukinunua mbalimbali na ya kwanza ikachelewa, ya pili imekula kwako. Kwa mzazi mwenye umri, changishaneni alipiwe ya moja kwa moja.

Sasa tiketi yenyewe. Saa zinazoandikwa ni za mji husika. Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, majira ya joto kwa saa 7, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao Machi na Novemba. Ndiyo maana Januari utaona ndege inaondoka 23:30 na kufika 06:30, ukadhani ni safari ya saa saba. Wakati wa kurudi inaonekana kama umesafiri karibu siku nzima.

Linalowakwamisha watu zaidi ni usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 12, 00:30, hiyo ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 12. Jioni ya tarehe 11 uwe njiani kwenda uwanjani. Atakayefika uwanjani saa tatu usiku wa tarehe 12, wenzake watakuwa wameshatua New York zamani na kuchukua mabegi yao.