Ukijileta Ni Shida, Ukiletwa Ni Kosa: Nidhamu na Ustawi Katika Chuo Kikuu cha Kanisa

Mwanafunzi anayeripoti chuo kikuu cha kanisa hutia saini karatasi ambayo mara nyingi hajaisoma. Imebanwa kati ya fomu ya daktari na stakabadhi ya benki, na inasema kwamba amezipokea sheria ndogo za wanafunzi na atazitii. SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) ya pale Nyegezi, Mwanza, ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Makumira ni ya KKKT, kanisa la Kilutheri, Chuo Kikuu cha Arusha ni cha Waadventista Wasabato, na St John's ya Dodoma ni ya Waanglikana. Vyote hivi viko chini ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kama vyuo vingine, wanafunzi wake huomba mkopo HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi), na hupokea watu wa dini zote. Lakini mwenye nyumba ni kanisa, na saini ile ndiyo inayowekwa mezani siku ukiitwa.

Kabla ya yote, tenganisha vitabu vitatu, maana kila kimoja kina meza yake. Sheria ndogo za wanafunzi huenda kamati ya nidhamu, chini ya Mshauri wa Wanafunzi (Dean of Students). Kanuni za mitihani zina kamati yake, na neno la mwisho huwa la Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni. Masharti ya hosteli yako kwa msimamizi wa hosteli, wadeni au matroni, ambaye anaweza kukutoa chumbani huku ukibaki mwanachuo halali. Mtu aliyekamatwa na kikaratasi kwenye UE (mtihani wa mwisho wa muhula) akaenda kumlilia Mshauri wa Wanafunzi anapoteza siku zake za kujitetea kwa mtu asiye na mamlaka na kesi hiyo.

Kuna jambo ambalo hulikuti katika kitabu chochote kati ya hivyo, nalo ndilo linaloamua mengi: jambo lilelile huitwa shida ukilipeleka mwenyewe, na huitwa kosa ukifumaniwa nalo. Vyuo vya kanisa vina huruma nyingi kwa anayekuja mapema, na ukali mwingi kwa anayeletwa na mlinzi. Chukua pombe. Anayekwenda kwa mshauri nasaha Jumatatu asubuhi akasema kunywa kumemshinda, atapangiwa vikao na pengine kupelekwa hospitali. Anayebebwa getini saa saba usiku ataandikiwa taarifa na ulinzi, na taarifa ikishaingia kwenye kitabu chao, hata Mshauri mwenye moyo laini hana pa kuipeleka ila kwenye kamati.

Ada nayo ni hivyohivyo. Vyuo vingi hukubali kulipa kwa awamu, lakini kwa barua ya mzazi au mfadhili iliyofika kwa mhasibu mwanzoni mwa muhula, ikitaja kiasi na tarehe. "Tutalipa hali ikiruhusu" si mpango, nayo hukataliwa. Ukisubiri hadi wiki ya kutoa namba za mtihani utakuta foleni ya wenzako wote wenye shida hiyohiyo, na mhasibu hana tena nafasi ya kukusikiliza. Kwa wenye boom, yaani mkopo wa kujikimu: fedha ya chakula na malazi ni Sh 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na huja kwa mafungu. Isiposainiwa kwa wakati hurudishwa Bodi. Aliyelazwa hospitali au aliyefiwa amjulishe afisa mikopo kabla dirisha la kusaini halijafungwa.

Ugonjwa wakati wa mitihani una mtego wake. Ukiingia chumba cha mtihani, ukaandika, kisha ukaleta cheti cha daktari baada ya matokeo mabaya, karibu kila chuo kitakukatalia, kwa sababu kwa kukaa kwenye kiti umetangaza kuwa uko sawa. Anayeumwa aende zahanati ya chuo au hospitali inayotambulika asubuhi ileile. Cheti kitaje tarehe na muda wa mapumziko, na barua ya kuomba mtihani maalumu ifike kwa mkuu wa idara kabla ya mtihani, au ndani ya siku zilizotajwa kwenye kanuni. Kama umetibiwa nje, peleka cheti kigongwe mhuri na zahanati ya chuo. Cheti cha duka la dawa hakisaidii.

Mimba ndiyo inayofichwa kuliko yote, na hofu hiyo inaeleweka. Soma sheria ndogo za chuo chako, kwani havifanani: kimoja kitasema habari ya hosteli tu, kingine kitagusa pia maadili ya nje ya ndoa. Kwa vyovyote hosteli haikai mtoto mchanga, kwa hiyo makazi yapangwe mapema. Barua ya kuahirisha masomo ipite kwa mkuu wa idara na kitivo kabla mitihani haijaanza, na nakala ya barua ya kukubaliwa ipelekwe kwa afisa mikopo. Anayeondoka kimyakimya huhesabiwa mtoro: anadisco, yaani anaondolewa chuoni, kwa masomo aliyokuwa anayaweza, na mkopo unasimama bila maelezo. Barua ya kuahirisha ndiyo itakayomrudisha.

Dini zenyewe huleta migogoro midogo kuliko watu wanavyodhani, mradi mtu aandike mapema. Msabato aliyeko chuo cha dhehebu lingine asisubiri wiki ya mtihani. Ratiba ya awali hubandikwa mapema ili watu waripoti migongano, na Jumamosi yake airipoti hapo. Mwislamu aangalie ratiba ya vipindi ya Ijumaa mchana wiki ya kwanza, kabla makundi ya semina hayajafungwa, kwa kuwa kuhama kundi wakati huo ni rahisi. Kwa chuo cha Wasabato mambo hugeuka: tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama hakuna kipindi wala mtihani, na anayetaka kufanya kazi za kundi siku hiyo azifanyie nje ya kampasi. Kuhusu mavazi, usibishane na mlinzi. Hakuitunga sheria, na kelele za getini zinaweza kugeuzwa kosa la pili, la kumkaidi mtumishi wa chuo. Rudi ukabadilishe, kisha malalamiko yako yapeleke kwa maandishi kupitia serikali ya wanafunzi.

Rushwa ya ngono tuikalie kidogo. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, si suala la nidhamu ya ndani peke yake. TAKUKURU hupatikana bure kwa 113, na huna haja ya ruhusa ya chuo kuwapigia. Usifute ujumbe hata mmoja, na usitegemee picha za skrini tu, simu yenyewe ndiyo ushahidi. Usijibu kwa matusi, wala usikubali miadi kwa nia ya kumtega mtu peke yako. Mitego huwekwa na TAKUKURU wenyewe. Kama kuna ubakaji, hospitali kwanza, na ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai baada ya hapo. Usioge, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi maana plastiki huozesha ushahidi, na fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu, ichukuliwe polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Na hapa chuo cha Kikatoliki kina jambo ambalo wengi hawalioni hadi wachelewe. Ukimweleza padre kwenye kitubio, hujaripoti. Siri ya kitubio inamfunga kabisa: hawezi kumwambia Makamu Mkuu wa Chuo, hawezi kuitumia kwenye kikao, hata kama yeye mwenyewe ni mjumbe wa kamati. Wapo wanaokaa mwezi wakidhani "padre anajua" na kwamba kuna kinachoendelea. Ukitaka hatua zichukuliwe, mwombe mkae ofisini, nje ya sakramenti, kisha muende pamoja dawati la jinsia la chuo. Kwa taasisi zilizo na dawati hai, hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote.

Sasa umeitwa. Barua ya wito itaje kifungu, tarehe na mahali pa tukio. Ikisema "utovu wa nidhamu" tu, andika siku hiyohiyo kuomba ufafanuzi na nakala za ushahidi. Haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa imo kwenye Katiba, ibara ya 13(6), na wenyeviti wa kamati wanaijua vizuri. Kosa kubwa kuliko yote hufanyika mapema zaidi, usiku wenyewe, kwenye chumba cha walinzi, pale mtu anapoambiwa "andika tu barua ya kuomba radhi yaishe". Hayaishi. Barua hiyo husomwa kikaoni kama kukiri. Unaweza kusema kwa heshima kwamba maelezo utayatoa kwa Mshauri wa Wanafunzi kesho.

Utetezi usizidi kurasa mbili. Ukubali ulilofanya, ukane usilofanya, na uvitenge viwili hivyo waziwazi. Wakili kwa kawaida haruhusiwi kuingia, lakini shahidi na mwakilishi wa serikali ya wanafunzi huruhusiwa kama sheria ndogo zinasema. Wazazi hupenda kukimbilia kwa Baba Askofu. Sioni busara yake: maaskofu wengi wamo kwenye Baraza la Chuo, chombo cha juu cha uongozi wake, na rufaa yako inaweza kuishia hapohapo. Barua ya paroko anayekufahamu, ikieleza mwenendo wako kwa mifano, ina uzito zaidi na haimwudhi mtu.

Rufaa inayosema "naomba mnihurumie" haiendi mbali. Iseme utaratibu gani ulivunjwa, au ushahidi gani mpya umepatikana, au kwa nini adhabu ni kubwa kuliko kosa ukilinganisha na jedwali la adhabu. Siku za rufaa huhesabiwa tangu ulipopokea uamuzi, kwa hiyo andika tarehe uliyoipokea kwenye bahasha, na nakala ya rufaa yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Ukisimamishwa, rudisha kitambulisho na ufunguo wa hosteli kwa maandishi, la sivyo chumba kitaendelea kuhesabiwa jina lako na deni litakusubiri. Afisa mikopo apewe nakala ya barua. Siku ya kurudi usiingie darasani moja kwa moja: nenda na barua ya kusimamishwa kwa Mshauri wa Wanafunzi upate ya kurejeshwa, ndipo ofisi ya usajili, kabla dirisha la usajili wa muhula halijafungwa.