Mita hazinywewi: namna ya kuipima kahawa ya mlimani kabla hujatoa hela

Pakiti nyingi za kahawa ya Kilimanjaro zina picha ya kilele cha Kibo na namba ya mwinuko wa shamba ubavuni: mita 1,400, mita 1,600, mita 1,800. Namba hiyo ina maana, ila haikuhakikishii kikombe kizuri. Mlima huipa punje mtaji tu. Mtaji huo unaweza kuliwa wote usiku mmoja ndani ya tangi, au kwa dakika mbili za ziada mikononi mwa mkaangaji. Ukijua unapopotelea, utajua cha kumuuliza muuzaji.

Baridi inafanya nini

Kila ukipanda mita 100, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi. Vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) vya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo vimekaa kwenye ukanda wa kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, ambako mchana kuna jua la kutosha na usiku unahitaji blanketi. Mchana mibuni hutengeneza sukari, usiku huila yenyewe ikipumua. Baridi huipunguzia ulaji huo. Tunda nalo halina haraka: toka ua hadi kuiva ni miezi 7 hadi 9, na kadiri shamba linavyokuwa juu ndivyo subira inavyoongezeka. Punje inayojengeka polepole hivyo inabana na kuwa ngumu, na inabaki na utamu pamoja na uchachu wa aina ya chenza, si wa siki.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa maduka hawaitaji. Ruhuka, yule mdudu mdogo anayetoboa punje, hustawi zaidi kwenye joto la mashamba ya mabondeni. Kutu ya majani vilevile. Lakini usidhani mkulima wa juu analala usingizi: chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia matunda, hupenda baridi na unyevunyevu, na mwaka wa mvua nyingi unaweza kuozesha sehemu kubwa ya mavuno matunda yakiwa bado mabichi. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha TaCRI pale Lyamungu kilitoa chotara zinazostahimili chulebuni na kutu, wakati aina za zamani, N39 na KP423, hazistawi bila kupuliziwa dawa. Wapo wanunuzi wanaotaka N39 tu kwa sababu ya ladha yake. Ni haki yao, ila chotara iliyochumwa vizuri huishinda N39 iliyochumwa hovyo, tena kwa mbali.

Migomba iliyopandwa katikati ya mibuni pia ina kazi yake. Inatia kivuli, inapunguza joto la mchana, na majani yake yakitandazwa chini hutunza unyevu. Ukiongeza samadi ya ng'ombe wa zizini juu ya udongo wa volkano, ambao ni mwepesi na haushiki maji mpaka mizizi ikaoza, unapata mbuni usiohangaika.

Tahadhari moja kuhusu mita: usilinganishe nchi na nchi. Kilimanjaro iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Kona, kule Hawaii, iko karibu nyuzi 20 kaskazini, na kahawa yake nzuri huota chini ya mita 1,000, kwa sababu huko ubaridi unaoufuata juu Marangu wanaupata bila kupanda sana. Mita ni njia ya mkato ya kutaja joto, basi.

AA si ladha

Herufi za daraja huwachanganya wengi. AA ni ukubwa: punje iliyokataa kupita kwenye chekeche namba 18, yaani tundu lenye upana wa kama milimita 7.1. Inafuatiwa na A, kisha B, kisha C. PB ni ile punje ya mviringo inayotokea pale tunda linapokuza mbegu moja badala ya mbili. Haina nasaba tofauti, imetoka kwenye mti uleule. Faida yake ni kwamba hubingirika vizuri kwenye kikaango na kuiva sawasawa.

Kwa hiyo AA inaweza kuwa imechacha, na B ikawa tamu kuliko zote mezani. Tungekushauri, hela ikiwa ya kubana, uchukue B ya kijiji unachokijua na ya msimu huu badala ya AA isiyo na anwani. Kipimo cha ladha ni kuonja, na kahawa inayopata pointi 80 na zaidi kati ya 100 kwa waonjaji waliosomea ndiyo huitwa maalumu katika soko la dunia.

Hata jina Kilimanjaro lenyewe lisikulevye. Japani, ambako kahawa hii ina wapenzi wa miaka mingi, jina hilo hubandikwa kwenye Arabika iliyooshwa ya Tanzania karibu yote isipokuwa ya Bukoba, hata kama imetoka Mbinga au Mbozi, kusini mwa nchi. Si kwamba Mbinga na Mbozi ni mbaya. Zipo zinazoishinda Moshi. Ila kama unalipia mlima, uliza ni kijiji gani na chama gani cha msingi cha wakulima.

Saa arobaini na nane za kuua au kuponya

Hapa ndipo ubora mwingi unapopotea, na hapa ndipo pa kuuliza maswali mengi.

Uchumaji kwanza. Tunda linatakiwa liwe jekundu lote. La kijani hutoa ladha ya majani na kakasi, kama ndizi mbichi. Lililopitiliza hutoa harufu ya pombe. Kwa kuwa matunda ya tawi moja hayaivi pamoja, mchumaji hurudi kwenye mti uleule kila baada ya siku 10 hadi 14, katika msimu ambao Kaskazini huanza Julai na kwenda hadi Desemba. Anayepukusa tawi zima kwa mkupuo mmoja ameokoa siku za kazi na kuharibu gunia.

Kabla ya kumenya, matunda hutiwa kwenye maji. Yanayoelea yana ruhuka, au ni mapepe, au yamekaukia mtini: yaengue, yaanikwe peke yake. Yanayozama yamenywe siku hiyohiyo, ndani ya saa 8 na wala yasilale. Rundo la matunda lililolala kwenye mfuko wa nailoni hupata joto na kuanza kuchacha likiwa na ganda.

Mashine ya kumenyea ina nafasi ya kurekebisha kati ya ngoma na bati lake. Ikibana mno, hukata punje, na jeraha hilo hugeuka jeusi wakati wa kuanika. Ikilegea mno, maganda hupita pamoja na punje. Jaribu kwa konzi chache, rekebisha, ndipo mwaga debe. Na ioshwe kila jioni. Punje tano za jana zilizobaki kwenye kona ya mashine zinatosha kunukisha kikombe cha mteja wa mbali, kwa sababu punje moja iliyooza haijifichi kati ya sabini nzuri.

Ikishamenywa, kahawa ina ute unaonata ambao maji matupu hayautoi. Huvundikwa tangini saa 16 hadi 36 ili vijidudu na vimeng'enya viulegeze, na kwenye vijiji vya juu usiku wa baridi unaweza kuisukuma hadi saa 48. Usiangalie saa, tumia mkono. Chota konzi, ioshe, isugue: ikikwaruza kama kokoto, imeiva, ikiteleza, bado. Njia nyingine ni kuchomeka kijiti ndani ya lundo na kukichomoa, tundu likibaki wazi ni wakati wa kuosha. Ukiitoa mapema, ute uliobaki hufyonza unyevu na kuendelea kuchacha kwenye kichanja. Ukichelewa, unapata siki, na ukichelewa zaidi unapata harufu ya kitunguu kilichooza, ambayo hakuna mkaangaji anayeweza kuiondoa. Maji ya mfongo (mfereji wa asili wa mlimani) yenye tope baada ya mvua yachujwe au yaachwe yatulie kwanza. Tope hubaki ndani ya mfereji wa punje na ndani ya ladha.

Kuanika ni vichanjani, si chini na si kwenye turubai uani ambako kuku wanapita. Tandaza unene wa sentimita 2 au 3, geuza mara kwa mara, na chambua siku za mwanzo wakati punje bado mbichi, kwa sababu kasoro huonekana vizuri zikiwa na maji. Jua la saa tano hadi saa tisa funika. Watu wengi hushangaa hapo: si tunataka ikauke? Inatakiwa ikauke taratibu. Jua kali hupasua lile ganda jembamba la ndani, huikausha punje nje huku katikati ikiwa bado na maji, na baada ya miezi michache ghalani rangi inapauka na ladha inakuwa ya karatasi. Funika pia usiku na mvua inapokuja. Siku 10 hadi 14 zinatosha, unyevu ukishuka kutoka zaidi ya asilimia 50 hadi 11 hivi. Asiye na kipima unyevu humenya punje na kuing'ata: ikibonyea kama maharage ya kuchemsha, bado, ikivunjika vipande, imekauka kupita kiasi, ikibaki na alama ndogo ya jino, ingiza ghalani. Ghala hilo lisiwe na mbolea, mafuta ya taa wala moshi, maana kahawa hufyonza kila harufu inayopita.

Ukipewa kahawa isiyokaangwa mkononi

Omba gramu 350, zimwage kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha. Kahawa ya juu iliyooshwa ina rangi ya kijani yenye kuelekea bluu, na ule mfereji wa katikati umebana, umejikunja kidogo. Ya mabondeni mfereji wake uko wazi na umenyooka. Nyeusi kabisa au iliyochacha yenye rangi ya hudhurungi: kwa kahawa maalumu isionekane hata moja. Vitundu vidogo kama vya sindano ni ruhuka. Kisha nusa. Inatakiwa inukie kama nyasi kavu safi. Ikinuka gunia, udongo au dawa, rudisha.

Uzito nao husema. Jaza kikombe kilekile kwa kahawa mbili za daraja moja na unyevu sawa, pima kila moja. Iliyotoka juu kwa kawaida ni nzito zaidi. Ndiyo namba ya mita ambayo haiwezi kuchapishwa uongo.

Kuna kasoro moja isiyoonekana kwa macho, nayo ni ladha ya kiazi kibichi, inayosumbua zaidi Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo na kuhusishwa na kimatira, mdudu anayefyonza matunda ya kahawa. Huitambui mpaka usage. Ukikutana nayo, kikombe kinachofuata kutoka pakiti hiyohiyo kinaweza kuwa kizuri kabisa, kwa hiyo usitupe pakiti nzima.

Na bei? Kilo 6 za matunda mabivu hutoa kilo 1 hivi ya kahawa safi, yaani punje zilizokobolewa ambazo hazijakaangwa, na kukaanga hupunguza uzito kwa asilimia 15 na zaidi. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa imekula kilo 7 za matunda. Zidisha kwa bei ya kilo ya mbivu pale kiwandani kijijini. Muuzaji anayekuuzia chini ya hapo huenda amechanganya na kitu.

Kukaanga na kunywa

Punje ngumu inataka moto wa kutosha mwanzoni. Nyumbani, chukua sufuria nzito iliyokwisha pata moto, gramu 200, koroga bila kupumzika. Baada ya dakika 8 hadi 10 utasikia mlio kama wa bisi. Hesabu dakika moja na nusu hadi mbili toka hapo, kisha mimina kwenye ungo upepete mpaka ipoe, ndani ya dakika 4. Ukipima upate gramu 170 hivi. Ukisubiri mlio wa pili, ule wa haraka na mwembamba, na mafuta yakatoka juu ya punje, umeunguza chenza yote na kubakiwa na mkaa. Kahawa chungu ya vibarazani, ile ya mdila, vikombe vidogo na kashata, hukaangwa hivyo makusudi, na ina raha yake. Ila usiiunguze hivyo AA ya Machame, utakuwa umevaa kanzu ya harusi kwenda kulima.

Iache ipumzike siku moja angalau, tatu ni bora, kwenye chombo kisichopitisha hewa, na uimalize ndani ya mwezi. Isage pale unapotaka kunywa. Gramu 15 kwa mililita 240 za maji ya nyuzi 92 hadi 96: Dar es Salaam chemsha, epua, subiri karibu dakika moja, Marangu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, mimina moja kwa moja.

Onja ikiwa ya moto, kisha iache. Onja tena ikiwa vuguvugu, na mara ya tatu ikiwa imepoa kabisa. Iliyoharibiwa tangini au kichanjani huzidi kuwa mbaya inavyopoa, kakasi na siki zikijitokeza moja baada ya nyingine. Ya mlimani iliyotunzwa huongeza utamu, na lile chenza hulipata vizuri zaidi kwenye funda la mwisho.