Kwa nyie mnaoanza topiki ya majani na gesi

Wadogo zangu, hii topiki msiianze kwa kukariri. Wengi wanakuja na ile ya tangu msingi kwamba mmea mchana unavuta kaboni dayoksaidi, usiku oksijeni, wanaishia hapo hapo na mtihani unawanasa. Mmea unapumua saa 24, oksijeni inatumika mchana na usiku, ila mchana usanisinuru, yaani mmea kutengeneza chakula kwa mwanga na kaboni dayoksaidi huku ukitoa oksijeni, unaenda kasi kuliko upumuaji ndo maana oksijeni inazidi na inatoka nje.

Sasa kaeni sana hapa. Kaboni dayoksaidi hewani ni kidogo mno, kama asilimia 0.04 tu, na ngozi ya jani ina nta, kwa hiyo njia ya maana ni vile vitundu, stomata. Vikifunguka gesi inaingia lakini maji nayo yanatoka, tena mengi, maji karibu yote yanayovutwa na mizizi yanaishia hewani kama mvuke. Yaani mmea unanunua kaboni kwa maji. Ukilishika hilo, seli linzi, zile mbili zinazozunguka kila tundu, hazikusumbui tena: asubuhi mwanga ukipiga, potasiamu inaingia ndani yake, maji yanafuata, seli zinavimba, tundu linafunguka. Udongo ukikauka, homoni ya asidi ya absisiki inafanya potasiamu itoke, maji yanafuata, seli zinalegea na tundu linafunga, mmea unakosa chakula lakini haufi kwa kiu. Mkonge wa kule Tanga na nanasi vinafungua usiku, maana hewa imepoa na maji yanapotea kidogo, kaboni inatunzwa kama asidi mpaka jua litoke, mi naona hapa ndo patamu kuliko kote.

Na jamani angalieni kwa macho yenu, msitegemee michoro tu. Chukua rangi ya kucha isiyo na rangi, paka chini ya jani laini lisilo na vinyweleo, ikikauka bandika selotepu, bandua taratibu, weka kwenye slaidi uangalie kwa hadubini. Fanya na upande wa juu ulinganishe. Maharage utakuta chini ni nyingi zaidi, mahindi zipo pande zote mbili. Yungiyungi jani lake linaelea, chini ni maji matupu, so stomata zake ziko juu, na hiyo walimu wanapenda sana kuiuliza.