Kabla Mpelelezi Wako Hajachomoa Bastola

"Kaka, hadithi yangu ya kipelelezi imeanza vizuri, ila sijui mhusika nimpe bastola gani. Siwezi kuandika tu 'bastola' nikaendelea?"

Ujumbe huo umeingia juzi kutoka kwa msomaji wa Dodoma. Namjibu hapahapa kwa sababu najua wengi wenu mna hadithi mmezificha kwenye simu, mnasubiri siku yenu. Jibu langu: unaweza, na utaumbuka.

Niliwahi kuandika kisa cha mauaji kwenye shamba la mkonge huko Tanga, mwaka 1954. Meneja wa Kizungu anakutwa barazani kwake amekufa kwa risasi, na sakafuni hakuna ganda la risasi hata moja. Kisa chote kimelala hapo. Muuaji alitumia Webley, rivolva ya Kiingereza ya risasi sita, na rivolva haitemi maganda. Yanabaki ndani ya silinda, ile ngoma inayozunguka yenye matundu ya risasi, mpaka mwenyewe ayatoe. Mpelelezi wangu anaiona sakafu tupu, anajua amtafute nani.

Jarida likaikubali. Nilipofungua ukurasa, Webley yangu imegeuzwa Glock! Nikampigia mhariri. "Wasomaji wanaijua Glock," akasema, sauti shwari kabisa. Bastola ya Gaston Glock ilipokelewa na jeshi la Austria mwaka 1982. Mwaka 1954 haijatungwa hata kwenye ndoto. Tena Glock inarusha ganda kila ukifyatua, kwa hiyo ile sakafu yangu tupu ikawa kama kazi ya majini. Meseji za kejeli nilizipokea mimi, maana jina lililo juu ya hadithi ni langu. Mhariri huyo tukikutana kwenye hafla za waandishi namsalimia na kupita.

Basi nisikilizeni. Chagua silaha kwanza, ndipo uandike tukio.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja jirani, askari polisi mstaafu. Hakuwa na silaha yoyote mkononi, alinionyesha kwa vidole tu: gumba la kulia linabana kitasa cha pembeni, mkono wa kushoto unashusha mtutu, Webley inakunjika katikati, na maganda yote yanaruka nje kwa mkupuo. "Yakidondoka kwenye saruji," akaniambia, "utayasikia hata ukiwa chumba cha pili." Sentensi hiyo moja ilinipa sura nzima ya hadithi.

Historia yenyewe imejaa visa vya bure kwa anayetafuta. Bastola za zamani za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zilishindiliwa baruti na risasi kwenye mdomo wa mtutu, kama gobore za wawindaji wetu, na zikilowa mvua hazilii. Mwaka 1807 mchungaji wa Scotland, Alexander Forsyth, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, na huko ndiko fataki za kuwashia risasi zilikotokea. Hata hivyo, bastola ndogo ya Deringer ilibaki ya risasi moja. John Wilkes Booth alipompiga Rais Lincoln tarehe 14 Aprili 1865, hakuwa na risasi ya pili, na Meja Rathbone aliyemrukia alikatwa kwa kisu. Umeona? Aina ya bastola ndiyo iliyoamua kilichofuata.

Samuel Colt alikuwa ameshapata hataza ya rivolva yake Marekani mwaka 1836. Kisha akaja John Browning, ambaye kwangu ndiye fundi wa mafundi wote: magazini, kile kisanduku cha risasi, ndani ya mpini, na sehemu ya juu inayorudi nyuma, inatema ganda na kusukuma risasi mpya kwenye chemba, pale inaposubiri kufyatuliwa. Jeshi la Marekani liliipokea bastola yake ya M1911, ya risasi saba kwenye magazini. Gavrilo Princip naye, aliyemuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, huko Sarajevo mwaka 1914, alitumia bastola iliyobuniwa na Browning huyohuyo.

Sasa ninayokutana nayo kwenye hadithi zenu. Jambazi ana rivolva anamimina risasi ishirini bila kujaza. Mwingine "anaondoa usalama" wa Glock, wakati ile haina kitasa cha pembeni, usalama wake uko kwenye kifyatulio chenyewe. Makarov ya Kirusi, sawa, inacho. Halafu kiwambo cha kuzuia sauti kwenye rivolva! Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, gesi inatokea hapo na mlio pia. Nagant ya Urusi ya 1895 ndiyo maarufu kwa kuwa tofauti, kwa sababu silinda yake husogea mbele na kuziba mwanya.

Na mhusika ameipata wapi? Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, bastola hainunuliwi kama sukari. Wewe mwenyewe usiende kuomba mtu akushikishe yake. Uliza wastaafu, soma, uliza tena. Vijana tunapenda sifa ya uandishi na kuikimbia kazi yake.

Kwa sasa naandika kisa cha vita vya Kagera. Ofisa wangu ana Tokarev, risasi nane kwenye magazini, haina kitasa cha usalama, kwa hiyo anatembea nayo chemba ikiwa tupu na lazima aikoki kwanza. Mlio wa kukoki ndio utakaomponza sura ya nne. Nimeshamwambia mhariri mpya: mikato na nukta abadilishe atakavyo, Tokarev asiiguse.