Maswali na majibu: Kabla hujapanda kwa gorila

Keshokutwa napanda msitu wa Bwindi, Uganda, kuona gorila, na kibali nimeshalipia. Nina mafua kidogo tu. Nikimeza dawa asubuhi si nitapita? (Msomaji, Nairobi)

Kwa askari wa hifadhi utapita, labda. Swali hili huja kila mwezi, na kila mwezi lina neno lilelile: "kidogo". Mwaka 2009 familia ya gorila iitwayo Hirwa, upande wa Rwanda, iliingiliwa na kirusi cha njia ya hewa kinachotokana na binadamu. Jike mmoja na kitoto wakafa. Kwetu sisi kirusi hicho ni siku tatu za kupenga kamasi na kulalamika.

Gorila wa milimani hayupo kwenye bustani yoyote ya wanyama duniani. Hesabu iliyotangazwa 2019 ilikuta 1,063, Bwindi na milima ya Virunga kwa pamoja, na hapo hakuna akiba iliyofichwa mahali. Ndiyo sababu wageni kwa familia moja hawazidi 8 kwa siku, mnakaa saa moja tu, mnavaa barakoa na kusimama mita 10 mbali. Watafiti waliochambua picha ambazo wageni huziweka mitandaoni walikuta nyingi zimepigwa ndani ya mita 4. Watu hao wote walisomewa masharti asubuhi ileile wakaitikia kwa kichwa.

Mwambie askari unaumwa, kabla ya kuanza kupanda. Pesa inauma, najua.

Nikienda Gombe nitawaona gorila? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Gombe ni sokwe mtu. Tanzania nzima haina gorila wa porini, na hii ni mara ya nne naandika hivyo.

Nimepata nyumba ya wageni nzuri Buhoma, bei ya kutupa. Kibali kimeandikwa Rushaga. Yote si Bwindi?

Yote ni Bwindi. Buhoma iko kaskazini, Rushaga kusini, katikati kuna msitu ambao Waingereza waliuita usiopenyeka, na barabara inauzunguka. Utakula saa kadhaa za kona na tope, na wageni huitwa kupewa maelezo asubuhi na mapema. Atakayechelewa ataachwa, na asitegemee kurudishiwa chochote.

Milango ni minne: Buhoma, Ruhija, Nkuringo na Rushaga. Kibali ndicho kinachokupangia mlango, kwa hiyo tafuta kibali kwanza, kitanda baadaye. Anayetokea Kigali, milango ya kusini ndiyo ya karibu. Na wakala anayekuuzia chumba kabla hajakuuliza kibali chako ni cha mlango upi, mkimbie.

Kwa nini Rwanda ni ghali hivyo? Gorila wao wana nini?

Hawana kitu cha ziada. Tangu 2017 mgeni wa kigeni hulipa dola 1,500 kule, Uganda ni dola 800. Unachonunua Rwanda ni barabara nzuri na safari fupi kutoka uwanja wa ndege. Mwenye magoti mabovu nisingemcheka akilipa. Wewe wa Afrika Mashariki ulizia bei ya wenyeji, ni ndogo mno ukilinganisha, na beba pasipoti au kitambulisho halisi. Picha ya kitambulisho kwenye simu isikutie moyo.

Binti yangu ana miaka 13 lakini ni mrefu.

Umri ni 15. Urefu haupimwi.

Tukishatoka kwa gorila tunataka kupita kwa mbilikimo tuwaone wakicheza. Ni kiasi gani? (Kikundi cha harusi, Dar es Salaam)

Nianze na hilo neno. Wenyewe ni Batwa, kwa Kiswahili Watwa. "Mbilikimo" mwachieni aliyewafundisha.

Waliishi ndani ya msitu huo mnaokwenda kuutembelea. Ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 walitolewa, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walitolewa bila fidia ya haki. Mzee wa Kitwa anapowaonyesha jinsi ya kuwasha moto kwa vijiti na mizizi ipi hutibu tumbo, anawatembeza kwenye nyumba aliyofungiwa nje. Mnaokwenda kucheka, bakini hotelini.

Je, msiende? Nendeni. Hifadhi ya Mgahinga, kusini zaidi, kuna njia ya Watwa inayoishia pango la Garama, na wanaoiongoza ni Watwa wenyewe. Kabla ya kulipa popote, uliza swali moja: pesa inaingia mkononi mwa nani? Niliwahi kuona wazee wakichezeshwa dakika kumi kwenye uwanja wa hoteli, jua kali, halafu bahasha ikaishia kwa dereva. Kikapu nunua kwa aliyekisuka. Watoto msiwape pipi, hamtakuwepo meno yakianza kuuma.

Nivae nini? Nina suruali ya mabaka ya kijeshi, haichaniki.

Iache nyumbani. Uganda raia akivaa nguo za jeshi ana kesi, na mgeni hasamehewi kwa kuwa mgeni. Vaa suruali ndefu ya kawaida, uichomeke ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Glavu zitakusaidia, kuna mimea inayowasha njia nzima. Koti la mvua beba hata kiangazi, na chanjo ya homa ya manjano uchome angalau siku 10 kabla.

Hukuuliza kuhusu mbebaji mizigo, lakini mchukue. Mteremko ukiteleza, mkono wake ndio utakaokuvuta. Tena wengi ni vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu. Mwaka 2020 Rafiki, gorila dume mkuu wa familia ya Nkuringo, aliuawa na mwindaji aliyesema alikuwa akitafuta wanyama wadogo. Akafungwa miaka 11. Kijana anayelipwa kwa sababu gorila wapo ana njia nyingine ya kula. Mkoba wako hata ukiwa na chupa moja ya maji, mpe abebe.