Barua kwa mwanangu: Fomu unayoitafuta haipo

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikamsomea mama yako naye asikie. Unasema tangu kilio cha baba mkwe wako kivunjwe, shemeji zako wamekutupia makaratasi yote kwa kuwa wewe ndiye uliyesoma, na umekesha kwenye simu ukitafuta fomu za mirathi. Umepata mbili, PA1P na PA1A, na sasa unaniuliza ipi ni yetu, inajazwaje, na kama unaweza kuipeleka tribinali ya hapo Kolwezi badala ya kupanda gari kuja huku.

Hakuna iliyo yetu. Hizo ni za Uingereza na Wales: PA1P ni ya marehemu aliyeacha wasia, PA1A ni ya yule ambaye hakuacha. Hata Waskoti, walio chini ya mfalme huyo huyo, wana yao nyingine inayoitwa C1. Ukizijaza utakuwa unawasimulia majaji wa ng'ambo habari za lupango, kiwanja chenu cha hapa Katuba.

Kwetu Kongo tribinali, yaani mahakama, haikupi karatasi yenye visanduku vya kujaza. Unaandika mwenyewe barua ya ombi, ile tunayoiita rekete, ukiielekeza kwa rais wa tribinali. Rekete yenyewe haizidi ukurasa mmoja au miwili. Uzito wake uko kwenye viambatanisho, na kila kiambatanisho kinazaliwa na kingine. Muda wote niliokaa grefe, ofisi ya makarani wa tribinali, niliona watu wakirudishwa mlangoni kwa sababu walileta mtoto kabla ya mzazi: wanataka hukumu na hawana cheti cha kifo, wanataka sertifika mpya, ile hati ya umiliki wa nyumba, na hawana hukumu.

Na Kolwezi usahau. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mirathi inafunguliwa pale marehemu alipokuwa na makao yake. Mzee aliishi Katuba, basi ni hapa Lubumbashi, hata kama warithi wametawanyika hadi Lusaka.

Kabla ya yote muulize mama mkwe wako, taratibu, kama mzee aliacha wasia. Watu huficha karatasi ndani ya Biblia au chini ya nguo. Wasia wa kuandikwa kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na sahihi yake, unakubaliwa. Wa mbele ya notere, mthibitishaji wa hati, au ofisa wa komine, yaani manispaa, pia. Ukipatikana, njia inabadilika, uniambie haraka. Usipopatikana, endelea kusoma.

Sasa nakuja kwenye jambo linalokwamisha watu kuliko yote, nalo ni majina. Mzee alizaliwa 1958, akabatizwa Joseph. Mwaka 1972 Mobutu alipotuvua majina ya kizungu, mzee alikuwa kijana wa shule, naye akaongezewa jina la babu yake. Sertifika ya nyumba, ile aliyoipata 1986, haina Joseph hata kidogo. Lakini kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chetu siku hizi, ina Joseph mbele, na nina hakika hospitali iliandika kama kadi inavyosema. Kwa macho ya jaji hao ni watu wawili: mmoja amekufa, mwingine ana nyumba. Kizazi chetu kizima kina tatizo hili, si familia yenu peke yake.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutandika mezani karatasi zote zenye jina lake: cheti cha ndoa, sertifika, kadi, kitabu cha benki, barua za kazini, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Angalia herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, itabidi ipatikane hukumu ya kusahihisha, au angalau hati ya kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Karani wa grefe atakuambia ipi itamtosha jaji kwa tofauti mliyo nayo. Fanyeni hilo kabla ya rekete kuingia. Likigunduliwa katikati, kesi inalala.

Cheti cha kifo nacho: karatasi ya hospitali haitoshi. Hiyo unaipeleka komine, na ofisa wa hali ya raia ndiye anayeandika cheti chenyewe, acte de décès. Omba nakala kadhaa zilizothibitishwa, kwa kuwa benki, tribinali, konservatere anayetunza hati za ardhi, na CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mmoja atataka yake na hakuna atakayekurudishia.

Sasa habari ya nani anapata nini, maana naona tayari baba mdogo wa mume wako anazungumza sana kuhusu nyumba. Msomeshe hesabu hii kwa heshima. Usimkatize, ni mzee.

Kwanza ndoa. Mama mkwe wako aliolewa kwa mila, kisha wakaandikisha komine. Asante Mungu, kwa sababu cheti hicho ndicho ngome yake. Kama siku ile hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali, sheria inawahesabu chini ya ule wa mali iliyochumwa ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili. Nyumba ya Katuba walijenga pamoja. Maana yake nusu yake ni ya mama tangu zamani, haikufa na mzee, na wala haiingii kwenye mirathi. Familia nyingi zinaruka hatua hii, zinaanza kugawa nyumba nzima, na mjane anajikuta anarithishwa kijiko cha kitu ambacho nusu yake ni chake.

Tuseme nyumba ina thamani ya dola 60.000. Mama anatoa 30.000 zake. Zinabaki 30.000, hizo ndizo mirathi. Watoto ni daraja la kwanza na wanachukua robo tatu, yaani 22.500, kwa kugawana sawa. Robo inayobaki ni ya daraja la pili, lenye makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kwa kuwa bibi wa Kamina, mama wa marehemu, bado yu hai, makundi yote matatu yapo, na kila kundi linapata sehemu moja ya kumi na mbili: dola 2.500. Kwa hiyo baba mdogo na dada zake wote kwa pamoja wana 2.500. Si nyumba. Atakapokuambia habari za kupyana na mila za ukoo, mwitikie vizuri, hayo ya kurithi jina la marehemu wayafanye kijijini. Tribinali inapima kwa kipimo hiki.

Na juu ya fungu lake, mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mume wake, pamoja na vyombo vyake. Asikubali mtu amfungashe mizigo.

Watoto ni wangapi? Wewe umeandika wanne. Mimi nakumbuka watano. Kuna yule kijana wa Likasi, na wewe unamjua, alikuja kwenye kilio akakaa nyuma. Sheria yetu inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na mtoto wa nje ya ndoa ambaye baba alimtambua akiwa hai anarithi sawasawa na wa ndani. Ulizeni kama kuna acte d'affiliation yake komine, hati ya baba kumtambua. Kama ipo, ni watano, na kila mmoja ana 4.500. Najua mama mkwe wako hataki kulisikia jina hilo. Lakini mkimwacha nje ya karatasi, siku yoyote anaweza kuja na hati yake akaivunja kazi yote, pengine nyumba ikiwa imeshauzwa. Mwiteni sasa, aketi kwenye kikao, atie sahihi.

Kikao hicho ni baraza la familia, na maandishi yake, PV kama tunavyosema, ndiyo moyo wa faili. Iandikwe: marehemu ni nani, alifariki lini, ameacha mjane gani, watoto gani kwa majina kamili na tarehe za kuzaliwa, mali gani na madeni gani (madeni pia, yasifichwe), na nani anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, likidatere. Kila aliyekuwepo atie sahihi, nakala ya kitambulisho iambatane, na sahihi zithibitishwe komine.

Hapo kwenye likidatere kuna jambo moja la kuchekesha. Sheria inasema, pasipo wasia, kazi hiyo ni ya mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Ninyi mnadhani ni yaya, ndugu mkubwa wa mume wako. Kumbe naye bibi wa Kamina ni mrithi, na hakuna anayemzidi miaka! Bila shaka hataki kupanda treni kuja kuzunguka maofisini. Basi ajitoe kwa maandishi, na mama mkwe wako vilevile, halafu warithi wamchague wanayemtaka. Mstari huo mmoja kwenye PV utawaokoa kwenye maswali.

Na huyo mtakayemchagua aelewe kazi yake. Anatafuta warithi wote, anatunza mali, analipa madeni yaliyofika, anagawa, kisha anawapa warithi hesabu. Nyumba haiwi yake. Nimewaona malikidatere waliokusanya kodi za wapangaji miaka na miaka, ndugu zao wakiogopa kuuliza. Muulizeni kila mwezi.

Mkishakuwa na hayo ndipo rekete inaandikwa. Kuna Tripaix, tribinali ndogo, na kuna TGI, ile kubwa ya juu yake, na mgawanyo unategemea thamani ya mali. Kwa nyumba yenye sertifika pigeni hodi TGI. Vijana wenye kompyuta na printa karibu na tribinali watakuuzia modeli. Si vibaya kuitazama, ila soma kila neno. Wananakili ya mteja wa jana, na nimeona rekete zenye jina la marehemu wa familia nyingine. Avoka, yaani wakili, si lazima kama mnaelewana. Kama baba mdogo atapinga, mtafuteni mmoja. Malipo ya tribinali yafuate karatasi rasmi ya malipo na muitunze risiti. Anayekuomba pesa mkononi kwenye korido anakuomba zake.

Hukumu ikitoka, msikimbie nayo. Muda wa kukata rufaa ni siku 30, na baada yake grefe inawapa cheti cha kuonyesha kwamba hakuna aliyekata, certificat de non-appel. Benki ikiona hukumu bila cheti hicho itawarudisha.

Nyumba ina hatua yake ya ziada. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1973, konservatere hahamishi jina kwa hukumu ya likidatere peke yake. Mnarudi TGI kuomba ordonnance d'investiture, inayowatambua warithi juu ya nyumba hiyo, kisha mnaipeleka kwake pamoja na sertifika ya zamani, naye anaifuta na kutoa mpya. Jina la mama liwemo, kwa ile nusu yake. Hapo shemeji zako watataka kuharakisha kuuza. Mnunuzi anayejua kazi yake hatanunua kwa sertifika ya marehemu, na asiyejua atawapeleka mahakamani baadaye.

Fomu za kujaza ulizozitamani utazikuta CNSS, ambayo zamani tuliiita INSS. Mzee alichangiwa huko, basi mjane na watoto walio wadogo waulize pensheni ya waliobaki. Hilo msilichanganye na mirathi. Mama mkwe wako aende yeye mwenyewe na cheti cha ndoa, wala hana haja ya kumsubiri likidatere. Angeweza kwenda wiki hii.

Ukija huku, lete sertifika yenyewe, usiipige picha tu, na kadi ya mzee. Tutakaa sebuleni tuyalinganishe majina kabla hujaonana na mtu yeyote wa tribinali. Na mwambie mume wako ampigie simu yule wa Likasi. Asikupe wewe kazi hiyo. Ni ndugu yake.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama mtoto amepona kikohozi.

Ni mimi baba yako.